Kuivalisha Ndege Isiyo na Mkia

Vijana wa mtaa wetu hapa Lanet wanajua kwamba nilikuwa fundi wa kushona, kwa hiyo wananiletea suruali za kupunguza kiuno na sare za shule za watoto wao. Nawapunguzia. Lakini wakisikia kwamba miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nikishonea ndege, wanatazamana kwa lile jicho la kusema huyu mama sasa ameanza kuchanganyikiwa. Basi kaeni niwaeleze, kwa sababu kazi yenyewe inakaribia kupotea na sitaki ipotee mimi nikiwa nimenyamaza.

Ndege ndogo nyingi, zile za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano na zile za kufundishia marubani, hazikuvikwa bati. Mifupa yake ni mbao au mabomba membamba ya chuma, na juu ya mifupa hiyo kuna kitambaa. Kitambaa kinagundishwa, kinapigwa pasi mpaka kibane, kinashonwa kwenye kila ubavu wa bawa kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, halafu kinapakwa dawa ya kukiziba, safu juu ya safu. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika hanga moja ndogo, yaani banda la ndege, hapa bondeni. Ndege ikichanwa na mwiba, au na mvua ya mawe, au na pembe ya ng'ombe aliyejiingiza kiwanjani kutafuta nyasi, ililetwa kwangu niivalishe upya.

Pasi ninayosema ni hii hii ya nyumbani. Kitambaa cha ndege hujikunyata kikipata joto. Ukikipa joto kidogo kinanyooka, ukiongeza kinabana, ukizidisha kinayeyuka na wewe unabaki umeshika pasi na aibu yako. Wiki yangu ya kwanza nilitoboa bawa zima tundu lenye umbo la pasi, na ncha yake, na kisigino chake. Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Barasa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuja, akalitazama lile tundu, akainama akachungulia ndani.

"Tabitha," akasema, "hii ndege haikuomba dirisha."

Akaenda zake. Angenifokea ningesahau, lakini mpaka leo hata nikipiga pasi blauzi ya kwenda kanisani, kwanza naijaribu pasi kwenye kitambaa kibovu.

Barasa alikuwa na tabia moja ambayo nilidhani ni ushirikina wa kifundi. Kabla ndege haijatolewa nje kwenda kuruka, aliizunguka, akafika nyuma, akaweka kiganja chake juu ya mkia, akakandamiza. Pua ya ndege iliinuka kidogo. Akaachia, ikashuka. Hapo ndipo alipotikisa kichwa kukubali. Nilimwuliza siku moja anapima nini, maana uzito wa ndege ulishapimwa na kuandikwa. Akaniambia hapimi, anaisalimia, ili siku ikiwa na shida aitambue kwa salamu. Mimi nami nikaanza kuzisalimia. Kila ndege ilikuwa na salamu yake, na mkono wako ukishaizoea huwezi kudanganywa kirahisi. Shikeni hilo hata kama kazi yenu ni matangi ya maziwa au ni milango ya chuma: kishike kitu kabla hakijaondoka.

Sasa niruke niende mbele, kwa sababu hadithi ninayotaka kuwapa ni ya baada ya kustaafu. Nilikuwa nimekaa nyumbani muda wa kutosha kuchoka kukaa, pikapu iliyojaa tope jeusi la Dundori ikasimama getini. Akashuka mwanamume mnene, mchangamfu, mikono ina makovu ya kuchomelea.

"Mathe, nasikia ni wewe ulikuwa unavalisha ndege."

"Nilikuwa."

"Mimi naitwa Ndung'u. Niko na moja iko uchi."

Ndung'u ni mkulima wa waru, ndivyo tunavyoviita viazi huku, na kwa ufundi wake hutengeneza mashine za kunyunyizia dawa. Alinipeleka Dundori nikaione. Ndege yake alikuwa ameijenga ndani ya stoo ya waru, na harufu ya udongo na ya mbao mpya ilikuwa imechanganyika humo vizuri sana. Mbao zilikuwa safi, gundi imefutwa pembeni, hakuna msumari hata mmoja wa haraka. Nilifurahi. Nikaanza kuizunguka nikitafuta pa kuanzia, nikarudi pale pale niliposimama mwanzo.

"Mkia uko wapi?"

"Haina."

"Utaleta lini?"

"Mathe, haina kabisa. Hiyo ndio design."

Ilikuwa bawa tu. Bawa moja pana lililokunjwa katikati, ncha zake zimerudi nyuma, kiti cha mtu mmoja mbele katikati, na injini ndogo nyuma ya kiti. Nilikuwa nimefanya kazi na ndege maisha yangu yote na sijawahi kusimama mbele ya kitu kama kile. Nikamwambia ukweli, kwamba naona ni nusu ya ndege.

Akanieleza kwa subira. Ndege ya kawaida ina mkia mbali huko nyuma, na kazi ya mkia ni kuizuia pua isipande au kushuka ovyo. Ukiutoa mkia unapunguza uzito, unapunguza mbao, na hewa inapata vitu vichache vya kugongana navyo. Lakini ile kazi ya mkia lazima mtu aifanye. Kwa hiyo ncha za bawa zinarudishwa nyuma na kupindwa kidogo, kidogo sana, zikitazama chini kuliko katikati. Hizo ncha ndizo mkia wake. Alikuwa amejaribu kwa vifano vidogo vya mbao nyepesi, akivirusha kutoka juu ya mteremko wa shamba lake. Kimoja kilivuka ua wa jirani na kuingia kwenye zizi, na ng'ombe akakila upande mmoja. Jirani alikuja kulalamika kwamba maziwa yamepungua.

Nilicheka, nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa namaanisha hapana. Ndipo aliponiambia ni nani atakayeirusha mara ya kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na leseni changa na ndege ya namna ile inataka mkono uliotulia. Alikuwa ameongea na Chelangat.

Chelangat namfahamu kuliko baadhi ya wajukuu wangu. Anatoka Keringet. Alipokuja hangani kwetu kujifunza urubani hakuwa na mtu mjini, akalala kwangu miezi ya kwanza, akala ugali wangu, akanifundisha kunywa mursik, maziwa yao yale ya kibuyuni. Sasa ananyunyizia ngano dawa, anapita juu ya mashamba chini chini kiasi cha kusoma nambari ya trekta. Nikajua akishakubali atairusha ndege hiyo, niivalishe mimi au aivalishe mwingine. Nikaona ni afadhali niwe mimi. Mtoto wa mtu alikuwa anakwenda kukaa ndani ya kitu nilichokishona, na kama kungekuwa na kosa nilitaka nipate nafasi ya kuliona.

Kuivalisha ilikuwa kazi ya kunitoa jasho. Kumbukeni ule upindaji wa ncha. Kitambaa kikibana sana upande mmoja wa bawa kinalivuta, na ule mpindo mdogo alioutengeneza Ndung'u kwa gundi na subira unapotea, na mkia wa ndege unapotea nalo. Ilibidi nipige pasi kidogo juu, nihamie chini, nirudi juu, nikimweka Ndung'u mwenyewe nchani ashike kipimo chake na kunisomea. Alikuwa hapumui. Nilimwambia apumue, kitambaa hakitoki kwa pumzi.

Kosa la rangi hamtaliamini. Ndung'u alimwita mchoraji anayeandika malori mjini Nakuru, kijana hodari kweli. Tulimwachia ndege asubuhi tukaenda kula. Kurudi, ukingo wote wa nyuma una ndimi za moto, nyekundu, njano, na nyeupe ya kuzungushia, rangi nene kama ya lori la kokoto. Ilipendeza. Lakini pale nyuma ndipo kuna vile vipande vinavyopandishwa na kushushwa kuiongoza ndege, na vinatakiwa viwe vyepesi. Tulikwangua moto wote kwa msasa. Kijana alisimama mlangoni akitutazama tukiharibu kazi yake, akasema, "Boss, ungeniambia tu haupendi moto."

Kiwanja kilikuwa kwenye shamba moja la zamani la mzungu upande wa Gilgil, kwa hiyo tulilipeleka bawa kwa lori, vipande viwili vimelazwa juu ya magodoro. Tuliposimama Kikopey kula nyama, wachomaji waliacha meko yao wakaja kuangalia. Mmoja akauliza kama ni hema la harusi. Mwingine akasema ni ndege, ila mkia utakuwa unakuja na gari la nyuma. Ndung'u alieleza mpaka nyama ikapoa.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu kupima, kwa sababu hapa ndipo maisha ya mtu yalipokuwa. Ndege yoyote lazima uzito wake ukae mahali pake, usiwe mbele sana wala nyuma sana. Ndege yenye mkia mrefu inakusamehe kidogo. Hii isiyo na mkia haisamehi. Uzito ukirudi nyuma, pua inapanda yenyewe, rubani anaisukuma chini, inazidi kupanda, na hana kitu cha mbali cha kumsaidia kuishusha. Itaanguka, na itaanguka kutoka chini chini, ambapo hakuna muda wa kufikiri.

Unajuaje uzito umekaa wapi? Unaweka mizani chini ya kila gurudumu, rubani akiwa kitini, unasoma, unapiga hesabu. Ndung'u alikuwa na mizani ndogo ya duka la mkewe, akaiweka chini ya gurudumu la pua. Magurudumu mawili ya nyuma yalibeba uzito mkubwa, yakahitaji mizani ya kupimia magunia, na huko kwetu nani ana mizani ya magunia? Ni broka anayenunua waru. Akatuazima mbili kwa moyo mkunjufu. Tukapima, na zile mbili zikakubaliana vizuri kabisa. Tukasukuma ndege, tukairudisha, tukapima tena, zikakubaliana. Hesabu ikatoka sawa. Nami nilisimama pale nikaangalia mishale na nikaridhika.

Tukagundisha bawani nyuzi fupi za sufi, nilizozifumua kwenye sweta yangu ya zamani, tukaivuta ndege nyuma ya pikapu kwa kamba tukitazama kama nyuzi zinalala. Uzi ukilala, hewa inapita vizuri. Ukicheza na kusimama, hewa imegoma. Zililala zote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu nikipiga makofi kama msichana.

Siku ya kuruka, Ndung'u alitaka ndege iombewe. Kwetu gari jipya haliingii barabarani kabla mchungaji hajaliwekea mkono, hata trekta, hata pikipiki ya boda, basi ndege itaachwaje? Wakaja na lori kutoka Dundori wakati jua bado halijatoka, kwa sababu bonde likishapata joto hewa huanza kurukaruka na hakuna anayejaribu ndege mpya saa hizo. Kulikuwa na mchungaji, mkewe, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa, na mama mzazi wa Ndung'u, ambaye kijiji kizima kinamwita Cucu, yaani nyanya. Ni mwanamke mdogo, mwepesi, anatembea kwa bakora.

Chelangat alikaa kitini, mikanda imefungwa, ili aombewe pamoja na ndege. Injini ilikuwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa Ndung'u. Watu wakaizunguka ndege wakaweka mikono. Cucu akapata nafasi nyuma kabisa, kando ya injini, akaegemeza bakora yake kwenye nguo zake na kuweka mkono mmoja juu ya ukingo wa bawa. Mchungaji akaanza. Ni mtu wa maombi marefu. Cucu akachoka kusimama, akauegemea ule mkono.

Pua ikainuka.

Iliinuka taratibu, gurudumu likaachana na nyasi, ningeweza kupitisha kiatu chini yake. Waliokuwa wamefumbua macho kidogo wakasema amina kwa nguvu zaidi, wakidhani ndege imepokea. Cucu akashtuka akatoa mkono, gurudumu likarudi chini kwa kishindo.

Kwa hesabu yetu, yule mama hangeweza kuinua pua ile hata angeikalia. Nikasogea nyuma, nikaweka kiganja changu pale alipokuwa ameweka, nikakandamiza kidogo. Ikapanda. Hiyo haikuwa salamu ya ndege iliyo tayari kwenda popote.

"Chelangat," nikasema, "shuka."

Mchungaji akafumbua macho. "Mama, hatujamaliza kuomba."

"Endelea tu, mchungaji. Lakini huyu aombewe akiwa chini."

Ndung'u akaja haraka. Hakuwa na hasira bado, alikuwa na haya mbele ya watu wake. "Mathe, tumepima. Wewe mwenyewe ulikuwa hapo. Si namba ziko sawa?"

"Namba ziko sawa."

"Sasa shida ni gani?"

"Mkono wangu unakataa."

Nilijua jinsi lilivyosikika. Watu wameamka gizani, wamepanda lori na mablanketi, na mimi nasimamisha kila kitu kwa sababu ya kiganja. Nilitamani kuwa na sababu nyingine ya kusema, na sikuwa nayo. Nilikuwa naogopa, na niliogopa pia kwamba ninaogopa bure kwa sababu msichana ni wangu.

Chelangat alinitazama. Halafu akaanza kufungua mikanda bila haraka. "Mama akisema nishuke, nashuka," akasema. "Ndege itangoja, si ati iko na mtihani."

Ndung'u alitupa kofia yake chini akatembea peke yake kuelekea mwisho wa kiwanja. Akina mama wakatoa chupa za chai, kwa maana maombi yakikatika, chai haikatiki. Hakukuwa na viti. Cucu, miguu ikimuuma na roho ikimsuta kwa kuinua ndege ya mwanawe, akakalia kitu cha kwanza alichokiona, na kilikuwa mizani moja ya broka, iliyokuwa bado pale kiwanjani.

Mke wa mchungaji alikuwa anampa kikombe, akaangalia mshale. "Cucu, umekonda hivi? Kwani hukuli?"

"Nakula vizuri."

"Hii inasema umeisha kabisa."

Cucu akaudhika. "Juzi nilienda kliniki ya presha wakanipima. Daktari alisema nimeongeza." Akataja kilo zake. Mke wa mchungaji akataja zilizokuwa kwenye mshale. Zilitofautiana kwa uzito wa mtoto anayejifunza kutembea.

Mimi nikaweka kikombe changu chini.

Tukamwita Chelangat, maana marubani hupimwa afya na uzito wake anaujua. Akasimama juu ya mizani, ikamwibia kilo. Akahamia ile ya pili, ikamwibia zile zile. Akasimama juu ya mizani ya duka la mke wa Ndung'u, ile tuliyoweka chini ya pua, ikasema kweli tupu. Basi akina mama wote wakapanga foleni kupimwa, na kulikuwa na furaha isiyo na kifani, maana kila mmoja alikuwa amepungua. Mke wa mchungaji alipanda tena.

Nadhani mmeshaona. Nyuma ya ndege ilipimwa na mizani zinazopunguza, mbele ikapimwa na mizani ya haki. Kwa hiyo nyuma ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani, na uzito wote ulikuwa umekaa nyuma ya mahali pake. Na tuliziaminije? Kwa sababu zilikubaliana. Zilikubaliana kwa kuwa zilichezewa na mkono mmoja, wa broka.

Ndung'u aliporudi tulimweleza. Akapiga hesabu upya kichwani, midomo ikisogea, kisha akakaa chini kwenye nyasi. Akamwangalia Chelangat kwa muda mrefu. "Dada," akasema, "pole sana." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nikakaa karibu naye nikamshika bega, kwa sababu nami yangenitoka vile vile.

Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole, anageuka kutazama ile mizani, anageuka kumtazama mamake.

"Sasa," akasema, "na waru zangu?"

Kila mama aliyekuwa pale anauza waru kwa broka yule yule. Kilichosemwa hapo siwezi kukiandika, na mchungaji alilazimika kufanya maombi ya pili, ya kutuliza, ambamo broka alitajwa kwa upole kuliko alivyostahili. Nasikia siku hizi wanapima kwa mizani yao wenyewe, na akija mnunuzi mgeni na mizani yake, wanampandisha Cucu kwanza.

Ndege tuliirekebisha bila papara. Betri ikahamishiwa puani. Tukazunguka kwa wauza matairi Nakuru tukiokota vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, Ndung'u akaviyeyusha akatengeneza uzito mmoja wa kufungwa mbele kwa boliti, kwa kuwa rubani wetu ni mwembamba. Tukapima kwa mizani ya kituo cha kukusanya maziwa, na kabla ya kupima ndege tukaipima mizani kwa watu. Uzito ulikuwa umekosea mahali pake kwa upana wa kiganja tu, na upana huo ungetosha kuiangusha.

Mara ya pili hatukuita watu wengi, lakini mama yake Chelangat alikuja kutoka Keringet. Binti alikuwa amemwambia anakwenda kujaribu ndege, na hakumwambia zaidi. Alifika na sweta nzito na kibuyu, akasimama kando yangu, akaizunguka ndege kwa macho.

"Mkia yake iko wapi?"

"Haina, mama."

"Ilikatika?"

"Ilitengenezwa hivyo."

Akafikiri. "Wewe ndio ulishona?"

"Ni mimi."

"Hii kitu itarudi na yeye?"

Nilikuwa nimetoka kuisalimia dakika chache tu kabla. Nilikandamiza kwa mikono miwili, pua ikakataa kuniinukia. Nikamwambia, "Itarudi naye."

Akanishika mkono, na hakuuachia. Injini ikanguruma, ndege ikaanza kukimbia juu ya nyasi, ikakimbia sana, maana huku juu hewa ni nyembamba na ndege huchelewa kuinuka. Nikawaza imegoma. Halafu nikaona mwanga kati ya gurudumu na nyasi. Ikapita mbele yetu, bawa tupu, haina kitu nyuma, imenyooka. Ilipinda taratibu juu ya migunga, jua likapenya kwenye kitambaa changu, nikaona kila ubavu na kila mstari wa uzi wangu kwa ndani. Nilisema kwa sauti kwamba ni nzuri. Mama Chelangat alizidi kunibana vidole.

Ikatua, ikaruka kidogo mara moja, ikatulia. Ndung'u akawa anakimbia kuelekea kwake na tumbo lake lote. Chelangat akashuka, akampita Ndung'u kwa kumpiga begani, akaja kwangu kwanza. Akaniinamia sikioni.

"Mama, ni nyepesi mkononi. Hata sasa, na risasi yote hiyo, pua inataka kucheza." Akaitazama ndege. "Ile siku ingine singerudi."

"Najua," nikamwambia. "Msalimie mama yako."

Akageuka. Mama yake alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akamshika mikono yote miwili juu ya kiwiko, akaminyaminya kama mtu anayenunua kitambaa. Akamwambia maneno kwa Kikipsigis, makali kidogo. Chelangat akacheka, kisha akaweka uso wake begani mwa mama yake, akalia kwa sauti, na mama yake akawa anampigapiga mgongo na kututazama sisi kwa mshangao, kwa sababu hakujua kuna nini cha kulilia.

Baadaye tukinywa chai nilimwuliza mama yake alikuwa amesema nini.

"Amesema nimekonda," Chelangat akasema. "Ati nirudi nyumbani nikule."